Jasusi Huyu Analinda Nyumba ya Nani?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Kamati iliponialika ilinitaka nichague jambo ambalo mzee wa miaka 70 na kijana wa kidato cha pili wanaweza kulizungumza bila mkalimani. Nimemchagua James Bond. Naomba wazee wasinune, maana nina hakika baadhi yao wanamjua kuliko mimi.

Filamu ya kwanza ya Bond, Dr. No, ilizinduliwa London tarehe 5 Oktoba 1962. Ya 25 katika mfululizo huo, No Time to Die, ilitoka mwaka 2021. Hiyo ni karibu miaka 60, na waigizaji sita wamepokezana jina hilo, kuanzia Sean Connery hadi Daniel Craig. Wazee wetu walikwenda sinema za mjini, Empire na Avalon, na wenye magari wakaenda Drive-In iliyofunguliwa mwaka 1966, mahali ambapo leo pana ubalozi wa Marekani. Sisi tuliokulia Temeke na Kinondoni miaka ya 1990 tulikuwa na vibanda vya video: mabenchi ya mbao, joto, na televisheni moja kwa watu wote. Baadaye wakaja watafsiri wa filamu za nje, mashuhuri wao akiwa Lufufu, wakamfanya Mzungu aseme Kiswahili cha Tandika.

Sasa, ni kitu gani kinachomrudisha mtu kutazama filamu ambayo mwisho wake anaujua? Maana Bond kwa kawaida hafi. Anaitwa na mkubwa wake, anapewa kazi, anapewa vifaa vya ajabu, anamkuta adui mwenye mali na majivuno, anakamatwa, anaponyoka, anashinda. Hata mtoto wa darasa la tatu angeweza kukusimulia filamu ambayo bado haijatengenezwa.

Jibu tunalo nyumbani. Bibi zetu walipoanza kusimulia ngano za Sungura, hakuna mjukuu aliyehofia kwamba safari hii Fisi atashinda. Tulikaa macho tupate kujua Sungura atatumia hila gani. Kujua mwisho hakuuharibu utamu, bali kulitupa utulivu wa kuufurahia. Mnyonge mwenye akili dhidi ya mwenye nguvu asiye na akili: hapo ndipo ulipo mvuto wa hadithi hizi zote, na Bond ni mgeni tu katika nyumba ya zamani.

Lakini kuna tofauti moja, nayo ndiyo iliyonileta hapa. Sungura anajiokoa mwenyewe. Jasusi analinda nyumba ya mtu, na mtazamaji mwenye busara hana budi kuuliza: nyumba ya nani?

Hadithi ya Dr. No imewekwa Jamaica. Jamaica ilipata uhuru tarehe 6 Agosti 1962, miezi miwili tu kabla ya filamu hiyo kuzinduliwa. Tanganyika ilikuwa imepata wake Desemba 1961. Himaya ya Uingereza ilikuwa ikishusha bendera zake mwaka hadi mwaka, na katika giza la sinema Mwingereza mmoja alikuwa bado anaiokoa dunia nzima. Na sisi tuko wapi katika dunia hiyo? Katika Casino Royale ya mwaka 2006 Uganda inaonekana, nayo ni kambi ya waasi ambako kiongozi wao anamkabidhi fedha mwenye benki wa magaidi. Jirani yetu ni mahali pa kutokea shari. Mipango ya kuizuia inafanyika kwingine.

Ndugu zangu, tulikuwa na jibu letu. Mwaka 1974 Aristablus Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona, na mwaka 1979 Kikosi cha Kisasi, na baadaye Njama na Hofu. Jasusi wake ni Willy Gamba. Anavaa vizuri, anapiga shabaha, anaitwa na Chifu wake kama Bond anavyoitwa na mkubwa wake. Wanaosema Musiba aliazima hawakukosea. Lakini tazameni alichokifanya na alichoazima. Gamba yuko kazini Nairobi, yuko kazini Kinshasa, na nyumba anayoilinda ni harakati za ukombozi wa Afrika.

Wala hofu ile haikuwa ya kubuni. Kamati ya Ukombozi ya OAU iliwekwa Dar es Salaam mwaka 1963, na vyama vya wapigania uhuru vilifungua ofisi zao humu mjini. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Oyster Bay kwa bomu lililofichwa katika kifurushi cha kitabu. Mwaka 1975 Herbert Chitepo wa ZANU aliuawa Lusaka kwa bomu katika gari lake. Msomaji wa Magomeni aliyefungua kitabu cha Musiba alikuwa anasoma juu ya hatari iliyokwisha kupita mtaa wa pili. Alitaka mtu awe macho kwa niaba yake, na Musiba akampa.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na hadi leo sijakabidhiwa bastola. Nimekabidhiwa mafaili. Lakini kumbukeni kwamba Kufa na Kupona inahusu nyaraka za siri zilizoibwa. Mtu kama Gamba anatumwa pale ambapo kwanza mlango wa karatasi umeachwa wazi. Nchi huuzwa kwa karatasi kabla haijauzwa kwa risasi. Karani wa masijala anayekataa bahasha, akafunga kabati na kurudi nyumbani Mbagala kwa daladala, anafanya kazi ya Gamba, na hakuna atakayemtengenezea filamu.

Kwenu wanafunzi nina maneno mawili. La kwanza, mtazameni Bond, na furahini, lakini msiache swali mlangoni. Mwangalieni adui amechorwa kwa sura ya nani, na wanawake wamepewa kazi gani. Hapo Bond wa zamani ana deni kubwa, na Gamba wetu naye hajalipa lake.

La pili, vitafuteni vitabu vya Musiba, na vya Ben Mtobwa aliyemwumba Joram Kiango, na vya Muhammed Said Abdulla aliyemwumba Bwana Msa wa Unguja. Kuvipata si rahisi, na nakala za zamani zinachakaa. Napendekeza kwa wanafunzi wenzangu wa zamani kwamba kila mwenye nakala nyumbani ailete katika maktaba ya shule hii kabla mchwa hawajaitangulia. Kijana asiyepata hadithi ambamo mji wake unastahili kulindwa atazoea kuamini kwamba mji unaostahili ni wa wengine.