Tumlinde Mgonjwa wa Akili Pande Zote Mbili za Mpaka

Hotuba ya afisa uhusiano wa polisi katika baraza la wananchi wa mpakani



Tunawashukuru kwa kuacha soko na mashamba yenu mkaja kutusikiliza. Mmezoea kwamba polisi wakiita baraza, mazungumzo huwa juu ya magendo au wizi wa ng'ombe. Leo tumekuja kwa jambo ambalo nyumba nyingi hulibeba kimya kimya, nalo ni kumtunza mtu wa familia anayeugua ugonjwa mkubwa wa akili. Na kabla ya kuwaomba ninyi lolote, inatupasa kuanza na kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimojawapo cha mpakani tulikokuwa tukifanya kazi, raia walituletea usiku kijana mmoja waliyemkuta akisukuma mlango wa duka. Walikuwa wamekwisha kumpiga. Tulipomwuliza jina lake, alikuwa akiwajibu watu tusiowaona. Tukasema ni mlevi, au anajifanya. Tulimpekua kama taratibu zinavyotaka, tukaandika katika kitabu cha mali za mahabusu: mshipi mmoja, sarafu kidogo, daftari moja kuukuu. Kisha tukamfungia korokoroni.

Siku ya tatu alifika mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi. Alikuwa amemtafuta mwanawe siku tisa. Tulipomweleza, hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Afande, hamkulifungua daftari?"

Tulilifungua mbele yake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la kijana, kijiji chake na namba ya simu ya mama. Kurasa zilizofuata zilikuwa na maandishi ya waganga wa hospitali: jina la ugonjwa, majina ya dawa, na tarehe ya sindano iliyokuwa imepita. Mama alikuwa amelishonea mfuko ndani ya koti la mwanawe, akijua kwamba siku moja atapotea na kuangukia mikononi mwa wageni. Alikuwa amefanya kila lililompasa. Sisi hatukufanya letu. Kijana alikuwa amevunjika mkono usiku ule wa kipigo, akakaa nao siku mbili bila kutibiwa. Mkono ule haukunyooka tena.

Ndugu wananchi, tunayasimulia haya kwa sababu mpaka wetu unaufanya ugonjwa huu kuwa mgumu zaidi. Msamia wa Busia au Mteso wa Malaba ana shangazi upande huu na mjomba upande ule. Mgonjwa anayetoka nyumbani usiku hapiti penye afisa wa uhamiaji. Hupita njia za panya, na kufikia asubuhi yuko mahali ambapo hakuna anayemjua. Huko anaitwa mwizi, mpelelezi au mchawi. Ndipo mawe huokotwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza tunaloomba ni kutoficha. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Zipo nyumba zinazomfungia mgonjwa chumba cha nyuma au kumtia minyororo, si kwa ukatili bali kwa hofu na aibu. Tunaielewa hofu hiyo, lakini mnyororo hauponyi. Hukata ngozi, huzuia damu, na humfundisha mgonjwa kuwakimbia wale wale wanaompenda. Mwambieni mwenyekiti wa kijiji na majirani wa karibu: mtoto wetu anaugua, akionekana akitangatanga, tuiteni. Jirani aliyeambiwa mapema ndiye atakayesimama kati ya mgonjwa na wenye mawe.

Jambo la pili ni kumpeleka hospitali mapema. Wahudumu wa afya wametufundisha kwamba ugonjwa mkubwa kama skizofrenia mara nyingi huanza katika ujana. Kijana huacha kulala, hujitenga, husikia sauti, huwashuku jamaa zake. Lakini mtu akichanganyikiwa ghafla, hasa akiwa na homa, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwani malaria kali au homa ya uti wa mgongo huweza kuleta hali kama hiyo, na huua upesi. Hospitali za rufaa za mikoa, kama ile ya Mbale, zina wodi za wagonjwa wa akili. Wanaohitaji huduma kubwa zaidi hupelekwa Butabika, Kampala. Kwa majirani zetu wa Kenya iko Mathari, Nairobi. Anayetaka kuombewa aombewe, lakini dawa zisiachwe.

Na dawa ndipo penye shida kubwa. Baadhi yake huleta kutetemeka, kukakamaa kwa viungo au usingizi mzito, hivyo mgonjwa huzichukia. Wengine huziacha kwa sababu wamepata nafuu. Wiki au miezi ikipita, ugonjwa hurudi, pengine kwa nguvu zaidi. Msiziache bila kumwona mhudumu wa afya. Anaweza kupunguza kipimo, kubadili dawa, au kuongeza nyingine ya kuondoa mtetemeko. Zipo pia sindano zinazodumu wiki kadhaa, ambazo humfaa mtu asiyependa vidonge. Kama mnavuka kwenda msibani au kibaruani, bebeni dawa za kutosha pamoja na daftari la matibabu.

Jambo la tatu ni namna ya kutenda siku mambo yanapochafuka. Ondoeni mapanga, mashoka na mchi. Watoto na watazamaji wapelekwe mbali. Azungumze mtu mmoja tu, yule ambaye mgonjwa humwamini, kwa sauti ya chini. Msibishane naye juu ya anayoyasikia, wala msimcheke. Msimzibie mlango, kwani anayejiona amezingirwa hupigana. Mkiona maisha yamo hatarini, pigeni 999 au 112, na neno lenu la kwanza liwe hili: huyu ni mgonjwa. Kisha tuambieni kama ameshika silaha, anatumia dawa gani, anaelewa lugha gani, na jina analopenda kuitwa. Askari aliyeyajua hayo kabla ya kufika huingia uani kwa namna nyingine kabisa.

Akipotea, msingoje kesho. Njooni siku hiyo hiyo na picha ya karibuni, nasi tutawasiliana na wenzetu wa ng'ambo. Vijana wa boda boda, kazi yenu ilizaliwa katika mpaka huu. Hakuna anayezijua njia zake kuwazidi. Mkimwona mtu wa namna hiyo, msimpite. Na huduma hii hailipiwi. Askari akiwadai fedha ya mafuta ili aje, mleteeni mkuu wa kituo jina lake.

Sheria iko upande wa mgonjwa. Uganda ilipitisha Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2018, mahali pa sheria ya zamani iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, na Kenya ilirekebisha yake mwaka 2022. Mgonjwa wa akili ni mtu mwenye haki ya kutibiwa kwa heshima. Kuugua si kosa la jinai.

Mwisho, tunawakumbuka ninyi mnaotunza. Tumewaona akina mama wasiolala miaka mingi, na ndugu walioacha masomo. Mzigo huu haumfai mtu mmoja. Ukoo upeane zamu: mmoja ampeleke kliniki mwezi huu, mwingine mwezi ujao, shangazi alale pale juma moja ili mama apumzike. Kumsaidia mtunzaji ni kumtibu mgonjwa.

Kuhusu kijana yule, mama yake alimpeleka hospitali, akapona mkono kwa kadiri ulivyoweza kupona, akarudia sindano zake. Mara ya mwisho tulipopata habari zake alikuwa akifyatua matofali kijijini kwao, daftari lingali kotini. Nasi tangu siku ile, akiletwa mtu wa hali kama yake, hatumwandiki kitabuni kabla ya kusoma alichobeba. Nanyi pia, mkimkamata mgeni anayesema peke yake, kabla hamjainua mkono, mtazameni mfukoni.