Uvimbe ndani ya moyo wa mtoto: wapi kungoja, wapi kupasua



Mzazi akiambiwa kwamba mtoto wake ana uvimbe ndani ya moyo, neno la kwanza linalomjia ni saratani. La pili ni harambee. Ng'ombe anauzwa, jamaa wanapigiwa simu, na bado haijajulikana uvimbe wenyewe ni wa aina gani. Uvimbe unaoanzia kwenye moyo wa mtoto ni nadra sana, na kati ya watoto kumi walio nao, takriban tisa hawana saratani.

Kipimo kinachoanza kutenganisha aina hizi ni eko, yaani altrasaundi ya moyo. Hutumia mawimbi ya sauti kama yale ya kumtazama mtoto tumboni mwa mama. Hakuna sindano wala mionzi. Mtoto hupakwa jeli kifuani, na mchanga anayelia anaweza kunyonyeshwa huku akipimwa. Daktari huuona moyo ukipiga na damu ikipita. Hutafuta kujua kama uvimbe ni mmoja au ni vinundu kadhaa, umekaa wapi, na zaidi ya yote, kama unaziba njia ya damu.

Vinundu kadhaa kwenye kuta za vyumba vya chini vya moyo wa mtoto mchanga mara nyingi ni rabdomayoma. Hii ndiyo aina inayoonekana zaidi kwa watoto, na huweza kugunduliwa mama akiwa bado mjamzito. Jambo la ajabu ni kwamba kwa kawaida hunywea yenyewe mtoto anapokua. Kumpasua mtoto ambaye damu yake inapita vizuri na mapigo yake ni sawa ni kumtia hatarini bure. Anachohitaji ni kurudi kliniki kwa eko nyingine kila anapopangiwa.

Hapo ndipo mambo huharibika. Mtoto ananenepa, anacheza, na nauli ni ghali. Kadi ya kliniki inawekwa kabatini. Kumbe wengi wa watoto wenye rabdomayoma wana pia ugonjwa uitwao tuberasi sklerosisi, unaogusa ubongo, ngozi na figo. Dalili zake ni pamoja na madoa meupe kwenye ngozi na kifafa. Mtoto wa namna hiyo akianza kushtuka-shtuka asipelekwe kuombewa pepo kwanza. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Aina nyingine hazinywei. Faibroma huwa ni uvimbe mmoja mgumu ndani ya ukuta wa moyo, na huweza kuvuruga mapigo hata kusababisha kifo cha ghafla. Daktari wa upasuaji asipoweza kuuondoa wote, hata kuondoa sehemu yake husaidia watoto wengi. Maiksoma, ambayo huwapata zaidi watoto wakubwa na watu wazima, mara nyingi huning'inia katika chumba cha juu cha kushoto. Vipande vyake vikikatika huenda hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Huo hauachwi ukae, huondolewa mapema.

Upasuaji huu una historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Inge Edler na Hellmuth Hertz walianza kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti huko Lund, Uswidi, mwaka 1953. Mwaka 1954, nchini humohumo, Clarence Crafoord alifaulu kuondoa maiksoma kwenye moyo wa mtu mzima. Leo, mtoto ambaye uvimbe wake usio wa saratani umeondolewa wote kwa kawaida hupona na kurudi shuleni. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mchanga aliyefika akiwa amezidiwa, na kwa saratani zile chache.

Hapa Kenya moyo hupasuliwa katika hospitali kama Kenyatta, Nairobi, na Tenwek, Bomet. Njia huanzia kwenye kituo cha afya kilicho karibu, kisha barua ya rufaa. Usajili wa SHA ukamilishwe kabla ya safari, na mtoto aandikishwe kama mtegemezi.

Mtoto anayetokwa jasho akinyonya, anayepumua haraka, anayezirai, au ambaye midomo na ulimi vimegeuka rangi ya samawati, afikishwe kituoni bila kungoja siku ya kliniki. Kijitabu cha mama na mtoto kisiachwe nyumbani.