Kuionja Bia ya Sikukuu na Kusema Kweli

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi mmoja wa zamani katika bwalo la shule, siku ya kukutana kwa wanafunzi wa zamani.)



Nilipopata barua ya kuniomba niseme machache juu ya kazi yangu, nilisita. Kazi yangu ya maisha imekuwa kutengeneza bia na kuipima, na kuzungumza juu ya bia mbele ya wanafunzi kunataka uangalifu. Basi la kwanza nilitangulize. Vijana mlio chini ya miaka 18, sheria inawakataza, nami sikuja kuwaonjesha. Wako humu ambao dini zao zimeiharamisha, nami nawaheshimu. Tena katika sisi wazee wapo waliosoma nasi ambao chupa imewamaliza, na majina yao yamesomwa leo asubuhi pamoja na ya marehemu wengine. Sikuja kuisifu pombe. Nimekuja kusema juu ya pua, ulimi na kalamu, na juu ya siku moja ambayo kalamu yangu ilisema uongo.

Nilijifunza kazi hii kusini mwa Ujerumani, katika jimbo la Bavaria. Huko ipo bia iitwayo Märzen, maana yake bia ya mwezi wa Machi. Asili ya jina ni hii. Mwaka 1553 watawala wa Bavaria walipiga marufuku kupika bia tangu tarehe 23 Aprili hadi tarehe 29 Septemba, kwa kuwa bia iliyopikwa wakati wa joto iliharibika upesi. Mafundi wakawa wanapika bia nyingi na yenye nguvu zaidi mwezi wa Machi, kisha wanaiweka katika mahandaki yenye baridi, pamoja na barafu iliyokatwa wakati wa kipupwe. Kuweka ghalani kwa Kijerumani ni "lagern", na ndiko lilikotoka neno "lager" mnaloliona kwenye chupa hata hapa kwetu.

Sikukuu yenyewe, Oktoberfest ya mjini Munich, ilianza mwaka 1810, Mwanamfalme Ludwig alipomwoa Binti Therese. Walimalizia arusi kwa mashindano ya farasi, na uwanja ule mpaka leo unaitwa Theresienwiese, yaani uwanja wa Therese. Bia ya Märzen yenye rangi ya kahawia nyekundu iliingia katika sikukuu hiyo mwaka 1872. Lakini zamani si leo. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20, bia inayouzwa katika mahema yale ni ya rangi ya dhahabu, nyepesi zaidi mdomoni, ingawa kileo chake ni kama asilimia 6. Kwa hiyo mwamuzi huanza kwa kuuliza: nimeletewa ipi? Ukiipunguzia alama bia ya dhahabu kwa kuwa si nyekundu, umemwonea aliyeitengeneza, sawa na mwalimu anayesahihisha jiografia kwa majibu ya historia.

Sasa, Märzen ya kweli inapimwaje? Kwanza itazame. Iwe angavu, usione ukungu, na povu lake likae. Kisha inuse kabla hujaionja, maana harufu nyingine hukimbia dakika ile ile. Harufu inayotafutwa ni ya ganda la mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Hiyo hutoka katika kimea cha shayiri kilichokaushwa kwa moto wa kadiri. Ukisikia harufu ya sukari iliyoungua, fundi amekosea kimea. Halafu piga funda dogo. Utamu uje mwanzo, uchungu wa hopsi uusawazishe, na mwisho kinywa kibaki kikavu, si chenye kunata. Kileo kisichome koo.

Baada ya hapo yatafuteni makosa, nayo yana majina. Harufu ya mahindi yaliyochemshwa ni kosa la jikoni: bia haikuchemka vya kutosha au ilichelewa kupozwa. Tofaa bichi ni dalili kwamba chachu haikumaliza kazi. Boksi lililolowana ni hewa iliyoingia, au uzee. Na harufu ya siagi ni kitu kiitwacho daisetili. Shikeni hilo la siagi, nitalirudia.

Waamuzi wa mashindano ya Marekani, ambao chama chao kilianza mwaka 1985, wana karatasi yenye alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, uzito wa mdomoni 5, na jumla ya mambo yote 10. Tazameni mgawanyo huo. Uzuri wa sura una alama 3 tu. Na ipo sheria moja inayopita zote: kila mwamuzi huandika alama zake kimya, na mazungumzo huanza baada ya kalamu kuwekwa chini.

Vijana, mnaweza kulijaribu jambo hili kwa chai. Jazeni vikombe vitatu, viwili sawa, cha tatu kiongezwe sukari nusu kijiko. Mwenzenu asiyejua aonje, aseme kipi ni cha peke yake. Mtu anayebahatisha tu atapatia mara moja katika tatu, kwa hiyo rudieni mara nyingi kabla ya kumsifu. Viwandani tunafanya hivyo hivyo kwa bia. Mtashangaa jinsi wanaojidai kujua wanavyoshindwa, na jinsi mmoja aliyenyamaza kule pembeni anavyopatia kila mara.

Nami nilikuwa mmoja wa kule pembeni. Wenzangu wa darasa mnakumbuka: uji ukiungua tulijua tukiwa bado bwenini, kengele haijalia. Lakini kiranja wa chakula akiuliza, "Uji mzuri?" tuliitikia sote, "Mzuri!" Tabia hiyo niliondoka nayo hapa, nikaipandisha ndege.

Katika mwaka wangu wa pili wa uanagenzi, katika kiwanda kidogo ambacho sitakitaja, tuliitwa watu watano kuonja tangi la bia ya sikukuu. Ilikuwa mwisho wa Agosti na wateja walikuwa wakingoja. Fundi mkuu alinusa, akaonja, akasema kwa sauti, "Safi." Wa pili akasema safi. Wa tatu na wa nne vile vile. Mimi nilikuwa nimesikia siagi. Ilikuwa kidogo sana, lakini ilikuwepo. Nilikuwa mgeni, kijana kuliko wote, na mweusi peke yangu. Nikajiambia, pua yangu haijazoea. Nikaandika "safi", nikatia sahihi.

Ngoja niwaeleze siagi ile hutoka wapi. Chachu inapofanya kazi hutoa kitu ambacho baadaye hugeuka kuwa daisetili. Ukiipa siku chache katika joto kidogo kabla ya kuipoza, chachu yenyewe huirudisha na kuila. Ukiharakisha ukaipoza mapema, kile kitu hubaki, na bia huendelea kuota siagi hata ikiwa ndani ya pipa. Kipo kipimo rahisi: chukua bia kidogo, ipashe moto hadi nyuzi 60 hivi, ipoze, uinuse. Kilichojificha kitajitokeza. Siku ile hakuna aliyekifanya, nami nilikuwa nakijua.

Wiki tatu baadaye mapipa yalianza kurudi. Hapakuhitajika mwamuzi tena. Hata mlinzi wa lango alisikia siagi. Ikatafutwa shingo ya kubeba mzigo, ikapatikana ya mzee wa handaki, mtu aliyetunza matangi yale tangu kabla sijazaliwa. Yeye ndiye aliyefungua baridi mapema, wakasema. Kweli alifungua, lakini kwa kuamriwa, na alikuwa ameomba siku tatu zaidi akanyimwa. Wakamtoa handakini wakampeleka kuosha mapipa.

Nilikwenda kwa fundi mkuu nikamwambia kwamba mimi nilisikia siagi tangu siku ile. Hakukasirika. Alifungua faili, akanionyesha karatasi, akaweka kidole juu ya sahihi yangu. Sikuwa na la kujibu.

Nilimwendea mzee kule kwenye mapipa kumwomba radhi. Alinisikiliza huku akisugua. Kisha akasema, "Kijana, ungesema, huenda wasingekusikia. Lakini ningejua kwamba tulikuwa wawili." Akaendelea na kazi yake. Alistaafu mwaka uliofuata akiwa pale pale penye maji.

Ndugu zangu, tangu siku hiyo nimeonja bia za mashindano na za viwanda kwa miaka mingi, na sijaandika alama hata moja baada ya kusikia ya mwenzangu. Nilipopewa chumba cha kuonjea cha kukisimamia mwenyewe, amri yangu ya kwanza ilikuwa kwamba mkubwa aseme mwisho, na mdogo kuliko wote aseme mwanzo. Wakubwa wengine walinung'unika. Mara mbili tulimwaga tangi zima kwa ajili ya neno la mwanagenzi, na mara zote mbili kipimo cha moto kilimthibitisha.

Ndugu Mwalimu Mkuu, nina ombi dogo. Jioni hii, kiranja wa chakula atakapouliza kama chakula ni kizuri, asiulize kwa sauti bwalo zima. Agawe vipande vya karatasi. Majibu yakija mabaya, tafadhali mpishi asiadhibiwe kabla hajaulizwa kuni zilifika saa ngapi.

Kwa niaba ya wenzangu wa darasa naikabidhi maabara ya shule vipimajoto kumi. Vinafika nyuzi 110, kwa hiyo chai mtaipima bila wasiwasi.