Wema wa Kiongozi na Manung'uniko ya Watu



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Mtukufu Muhammad s.a.w. Leo napenda tulitazame jambo linalozivunja jumuiya nyingi, nalo ni hili: kiongozi hulaumiwa hata kwa wema wake. Mtume s.a.w. mwenyewe, aliyekuwa mkarimu kuliko watu wote, hakusalimika na lawama hiyo.

Mwaka wa 8 Hijriya (630), baada ya vita vya Hunain, Waislamu walipata ngawira kubwa. Wanahistoria wanataja mateka 6,000, ngamia 24,000 na kondoo zaidi ya 40,000. Mtume s.a.w. aliigawa mali hiyo pale Ji'rana, karibu na Makka. Abu Sufyan alipewa ngamia 100, Hakim bin Hizam 100, na wakuu wengine wa Makka na wa makabila ya jangwani vivyo hivyo, ili nyoyo zao zivutwe kwenye Uislamu. Ansari wa Madina, waliompokea Mtume s.a.w. alipofukuzwa kwao, hawakupata kitu katika zawadi hizo. Baadhi ya vijana wao wakanung'unika kwamba panga zao bado zinadondoka damu, nao Maquraishi ndio wanaopewa.

Sasa, ndugu zangu, tazameni adabu ya Saad bin Ubada r.a. Hakwenda kunong'ona vichochoroni. Alimwendea Mtume s.a.w. akamweleza yote. Alipoulizwa yeye mwenyewe yuko upande gani, alijibu kwa ukweli kwamba yeye ni mmoja wa watu wake. Mtume s.a.w. hakumkasirikia, bali alimwagiza awakusanye Ansari. Akawakumbusha neema walizopata kwa Uislamu, kisha akakiri mbele yao jinsi walivyomsadiki watu walipomkadhibisha. Akawauliza kama hawaridhiki watu warudi kwao na kondoo na ngamia, nao warudi na Mtume wa Mwenyezi Mungu. Ansari walilia hata ndevu zao zikalowa machozi.

Lakini mtu mwingine, wa kabila la Tamim, alimwambia Mtume s.a.w. usoni pake afanye uadilifu. Hadhrat Umar r.a. aliomba ruhusa ya kumwua, naye Mtume s.a.w. akamkataza.

Hapa tunapata lawama za namna mbili. Ya kwanza hutoka katika moyo unaopenda na kuumia. Dawa yake ni maelezo na upole. Ya pili ni tuhuma ya mtu asiyemwamini hata Mtume wa Mwenyezi Mungu. Dawa yake ni subira. Sura At-Tauba inawataja watu wanaoridhika wakipewa sadaka na kughadhibika wakinyimwa. Kila mmoja wetu na ajipime: je, nalaumu kwa ajili ya haki, au kwa sababu fungu langu limekuwa dogo?

Na ninyi mliokabidhiwa amana ya zaka na misaada, msiifanye habari hii kuwa ngao ya upendeleo. Mtume s.a.w. hakuwapa zawadi hizo vipenzi vyake. Aliwapa waliokuwa mbali, akawategemea walio karibu kwa imani yao. Na matunda yalionekana: Safwan bin Umayya, aliyekuwa akimchukia Mtume s.a.w. kuliko watu wote, alisimulia kwamba aliendelea kupewa mpaka Mtume s.a.w. akawa mpendwa wake kuliko watu wote. Kiongozi atakayeulizwa, na aeleze waziwazi kama alivyoeleza Mtume s.a.w. Kuulizwa si kudharauliwa.

Basi mwenye dukuduku alipeleke kwa kiongozi wake kama Saad r.a., wala asilieneze barazani. Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi wenye huruma na uadilifu, na atujaalie sisi nyoyo zisizopimia wema kwa idadi ya ngamia. Amin.