Aliyepewa Sauti ya Katikati

Somo: Hesabu 10:1-10, 1 Wakorintho 14:7-8



Katika somo letu, Mungu anamwagiza Musa atengeneze tarumbeta mbili za fedha. Zikipigwa zote mbili, mkutano wote ulikuja mlangoni pa hema. Ikipigwa moja, walikuja wakuu peke yao. Palikuwa na mlio wa kuvunja kambi, mlio wa vita, na mlio wa sikukuu. Chombo kilikuwa kile kile, lakini mlio ndio uliowaambia watu la kufanya. Kwa sababu hiyo mtume Paulo anawaonya Wakorintho kwamba askari hawezi kujiandaa akisikia tarumbeta isiyoeleweka.

Leo tuzungumze juu ya vyombo vya kupuliza vinapopigwa na watu wanne tu. Wengi wetu tukisikia neno matarumbeta, tunafikiria bendi kubwa ya Jeshi la Wokovu ikipita barabarani. Jeshi hilo lilianza kazi Kenya mwaka 1921. Lakini desturi yake ya kupiga vyombo vya shaba ilianzia kwa watu wanne. Mwaka 1878, katika mji wa Salisbury, Uingereza, fundi mjenzi Charles Fry na wanawe watatu walijitolea kuwalinda wahubiri waliokuwa wakisumbuliwa na wahuni mitaani. Walikuja na vyombo vyao, wakaanza kupiga nyimbo za kanisa, na watu wakavutwa kuja kusikiliza. Baadaye waliacha kazi yao ya ujenzi wakaingia katika utumishi. Baba mmoja na wana watatu. Hata benchi moja la kanisa wasingelijaza.

Zaidi ya miaka 100 kabla yao, Wamoraviani wa Herrnhut, Ujerumani, walikuwa wakitumia tromboni za ukubwa mbalimbali kufuata sauti nne za wimbo, kuanzia ya juu hadi besi. Mmoja wao alipofariki, tromboni zililitangazia kanisa habari hiyo. Alfajiri ya Pasaka, tromboni hizo hizo ziliwaamsha waamini waende makaburini kuushangilia ufufuo. Wamisionari Wamoraviani walifika Rungwe, kusini mwa Tanzania, mwaka 1891, na hata leo katika makanisa ya Kimoraviani na ya Kilutheri nchini humo matarumbeta huongoza nyimbo, wakati wa harusi na wakati wa msiba.

Sasa, ndugu msikilizaji, kuna tofauti moja tunayotaka uione. Mara nyingi vyombo hivi hupiga muziki wa kuazima, yaani wimbo uliotungwa kwa waimbaji au kwa kinanda, kisha ukagawanywa ili wapulizaji nao wapate la kupiga. Si vibaya. Lakini upo pia muziki uliotungwa tangu mwanzo kwa ajili ya wapulizaji wanne. Mwaka 1812, Beethoven alipokuwa katika mji wa Linz, Austria, msimamizi wa muziki wa kanisa kuu la mji huo, Franz Xaver Glöggl, alimwomba atunge muziki wa siku ya kuwakumbuka marehemu. Beethoven alikuwa ameshapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kusikia. Akatunga vipande vitatu vifupi kwa tromboni nne, bila ngoma, bila kinanda, bila maneno. Vinaitwa Equali, jina linalotokana na neno lenye maana ya sawa, kwa kuwa vyombo vyote ni vya jamii moja. Yeye mwenyewe alipozikwa mjini Vienna mwezi Machi 1827, vipande viwili kati ya hivyo vilitumika katika mazishi yake, na waimbaji wakavitilia maneno.

Tukae kidogo na hao wapulizaji wanne. Tromboni haina vitundu wala vitufe vya kumwonyesha mpigaji mahali pa sauti. Yeye husukuma na kuvuta bomba kwa mkono, na sikio lake ndilo humwambia amefika au bado. Kwa hiyo hawezi kupiga vizuri asipowasikiliza wenzake. Akipuliza kwa nguvu ili asikike yeye tu, hupotea yeye, na wenzake hupotea pamoja naye.

Tena, sauti ya juu ndiyo inayobeba wimbo, nasi sote tunaifuata. Besi ndiyo msingi, na ikikosekana kila mtu hutambua. Lakini zile mbili za katikati, nani huzisifu? Ukizisikia peke yake, utadhani mpigaji anarudia noti tatu au nne bila mwelekeo. Hata hivyo, walimu wa muziki wanajua kwamba mara nyingi noti moja ya katikati ndiyo inayoamua kama sauti zikikutana zitaleta furaha au majonzi. Iondoe noti hiyo, na msikilizaji hawezi tena kujua kama ameitwa arusini au matangani.

Wapendwa, hapa kwetu Bomet wako wengi waliopewa sauti ya katikati. Yuko mama anayechuma majani mawili na chipukizi tangu umande haujakauka, anayapeleka kwenye kituo cha kupimia, kisha jioni anapita kwa jirani mgonjwa kumtekea maji. Jina lake halitangazwi siku ya Jumapili. Yuko mzee anayefungua kanisa na kufuta vumbi vitini kabla mtu yeyote hajafika. Yuko kijana kwayani aliyewekwa sauti ya tatu, ambaye amekwisha kusema moyoni, “Jumapili ijayo siendi. Nikikosa mimi, nani atajua?”

Kijana wetu, tunakujibu: watajua. Huenda wasiweze kusema ni nini kilichopungua, lakini wimbo utakuwa na tundu. Na aliyefiwa juzi, aliyekuja kanisani akitafuta neno moja la kumshika mkono, atasikia sauti isiyoeleweka, arudi nyumbani na huzuni yake kama alivyokuja nayo. Hiyo si hasara ndogo.

Nanyi mliopewa sauti ya kwanza, wachungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa kwaya, pulizeni kwa kipimo. Tarumbeta moja iliwaita wakuu tu. Watu wote walikuja zilipolia zote mbili. Mwulizeni kijana huyo habari zake kabla kiti chake hakijawa kitupu.

Paulo anawaambia Waefeso kwamba sisi tu kazi ya mikono ya Mungu, na kwamba matendo mema aliyatengeneza mapema ili tuenende nayo. Maana yake, sehemu yako haikuazimwa kwa mwingine, wala si mabaki yaliyosalia baada ya wakubwa kuchagua. Mungu aliitunga akikuwazia wewe, na pumzi ya kuipiga ametoa yeye. Basi usiitupe.

Na tuombe. Ee Bwana, mtunzi wa maisha yetu, tufundishe kusikiliza kabla ya kupuliza. Wape moyo wale wanaotumika bila kusifiwa. Wafariji waliofiwa juma hili. Na siku ile parapanda yako itakapolia, utukute kila mmoja mahali pake. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.