Wimbo Unaolingana na Pumzi Yako
(Nasaha kwa vijana wa kwaya)



Mwezi uliopita binti mmoja wa kwaya yetu ya vijana alinijia baada ya mazoezi, klarineti mkononi. "Mwalimu, nataka kupiga Concertino ya Weber kwenye mashindano ya shule." Nilitabasamu, maana nilijiona mwenyewe.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilichagua wimbo huohuo ili majaji washangae. Nilipofika pale sauti ya chini inapovuka kwenda ya juu, ambapo karibu vidole vyote hushuka kwa pamoja, klarineti ililia kama mlango usiotiwa mafuta. Nikasimama. Ukumbi ukanyamaza. Sikuigusa ala hiyo mwaka mzima.

Basi nikamwambia: Weber aliandika wimbo huo mwaka 1811 kwa ajili ya bingwa, Heinrich Baermann. Mozart naye, mwaka 1791, alimwandikia Anton Stadler. Kila mmoja alishona nguo akimjua mvaaji. Nawe tafuta inayokutosha.

Nikampa vipimo vitatu. Kwanza, uimbe wimbo wenyewe kwa mdomo; usipoweza kuuimba, bado hujauelewa. Pili, piga mahali pagumu polepole mara tano mfululizo. Ukiwa bado unakosea baada ya wiki mbili, uache. Tatu, weka alama kila utakapovuta pumzi. Ikikatika katikati ya maneno, hata noti sahihi hazisemi kitu.

Wiki mbili baadaye alirudi na sehemu ya kwanza ya Sonata ya Saint-Saëns, iliyoandikwa mwaka 1921, mtunzi akiwa mzee wa miaka 85. Huanza kwa sauti ya upole. "Mwalimu, hii naweza kuiimba." Msidhani alikimbilia rahisi. Katika wimbo wa kasi kosa hupita upesi. Katika wimbo mpole kila mtu hulisikia.

Wanakwaya, hili tunalijua. Hatuchagui wimbo kwa sauti tunazotamani kuwa nazo, bali kwa zilizoketi kwenye benchi jioni ya mazoezi.

Mashindano ni Jumamosi ijayo. Leo, baada ya chakula, atatupigia sisi kwanza. Tafadhali tuzime simu, tumsikilize. Akikosea, tumpigie makofi aendelee. Mimi siku ile sikupata wa kunipigia.

Mungu awabariki.