Modi Yako, Mchezo wa Wenyewe: Leseni Ipi?

Mada iliyotolewa kwenye semina ya vijana wa kompyuta, Uvira



Nimeombwa nizungumzie leseni huria kwa modi, yaani nyongeza tunazotengenezea michezo ambayo msimbo wake umefungwa. Najua wengi mmekuja na swali la kuchagua leseni ya GPL au ya MIT. Nitalifikia. Kwanza niambieni: ndani ya faili unayotaka kuigawa, kipi ni chako?

Tuseme kijana wa Mulongwe ametengeneza ramani ya barabara ya Uvira hadi Bukavu, kupitia Sange, Luvungi, Kamanyola na miteremko ya Ngomo, ili watu waiendeshe ndani ya Euro Truck Simulator 2, mchezo wa kampuni ya SCS Software ya Ucheki. Fungua kifurushi chake. Picha za maduka na mabango alizipiga mwenyewe, ni zake. Hati za programu aliziandika usiku umeme uliporudi. Ni zake pia. Lakini maumbo ya malori yametolewa kwenye mchezo na kupakwa rangi upya. Hayo hawezi kuyawekea leseni yoyote. Anachoweza ni kufuata ruhusa ambayo kampuni imeitoa, basi. Na asidhani umbali unamsaidia: Kongo imo katika Mkataba wa Berne, na amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi.

Hata usipochukua kitu cha mwenye mchezo, bado ruhusa yake ina uzito. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ya Marekani iliikatalia kampuni ya Micro Star, iliyokuwa ikiuza ramani 300 za Duke Nukem 3D zilizotengenezwa na wachezaji. Faili zile hazikubeba picha hata moja ya mchezo, ila maelekezo ya kuzipanga. Mahakama ilisema ni mwendelezo wa hadithi ya mwenye mchezo.

Kisa cha kukaa nacho zaidi ni cha mradi wa Bukkit. Wapenzi wa Minecraft, mchezo wa kampuni ya Mojang ya Sweden, waliandika CraftBukkit ili seva zikubali nyongeza. Sehemu yao waliiweka chini ya GPL na LGPL, lakini katika kifurushi hichohicho mlikuwa na msimbo wa seva wa Mojang uliofumuliwa. Mojang ilifumba macho. Mwaka 2012 ikawaajiri hata viongozi wa mradi. Septemba 2014 mchangiaji mmoja, Wesley Wolfe, akasimama: msimbo wangu niliutoa kwa masharti kwamba ukigawiwa ndani ya kazi kubwa, msimbo wa kazi hiyo nao uwe wazi, nyinyi mnaugawa pamoja na msimbo uliofungwa. Akatumia DMCA, sheria ya hakimiliki ya Marekani, na CraftBukkit ikaondolewa. Aliyeufunga mradi hakuwa mwenye mchezo. Alikuwa mwenzao, akishika leseni waliyoichagua wenyewe.

Ukiwa peke yako, GPL haikubani, kwa sababu hakuna anayejishtaki. Hatari huanza siku unapopokea msimbo wa mtu wa pili. Kwa hiyo anayeipenda GPL aongeze kibali cha maandishi cha kuunganisha kazi na mchezo husika, kama kifungu cha 7 cha toleo la 3 la mwaka 2007 kinavyoruhusu, na akiandike mapema. Akichelewa, itabidi awatafute wachangiaji wote, pamoja na yule aliyehamia Bujumbura na kubadilisha namba.

Mimi hupendelea leseni ya MPL 2.0, ya mwaka 2012. Masharti yake yanashika faili moja moja: atakayerekebisha faili yako aonyeshe marekebisho, lakini msimbo wa kampuni ulio jirani haiugusi. MIT ni nyepesi zaidi, ila ukubali kwamba mtu anaweza kuifunga kazi yako na kuiuza. Picha na sauti ziwekeeni CC BY-SA, leseni ya Creative Commons. Kwa msimbo msiitumie: Creative Commons wenyewe hawashauri leseni zao zitumike kwa programu.

Linalobaki ni namna ya kugawa, na ni gumu kwetu. Baada ya CraftBukkit kuondolewa, watu wa Spigot, mradi uliojengwa juu yake, walianza kutoa kifaa ambacho kila mtu hukiendesha kwenye mashine yake: kinachukua seva kutoka Mojang, kisha kinaibandika marekebisho. Hakuna anayegawa cha mwenye mchezo. Huku kwetu mega ni ghali, na mchezo hupita kutoka simu hadi simu kwa programu ya Xender, mara nyingi ukiwa faili moja ya APK yenye mchezo na modi ndani yake. Naelewa kwa nini. Lakini APK hiyo hakuna leseni huria inayoweza kuihalalisha. Peaneni modi peke yake: ni ndogo, inapita haraka. Faili ya leseni iwe ndani ya zip, maana nje yake itapotea kwenye simu ya pili. Ongezeni muhtasari wa Kiswahili na Kifaransa, mkieleza kwamba maandishi rasmi ndiyo yanayofunga.

Mchana tutafungua vifurushi vyenu na kupitia faili moja baada ya nyingine. Ambayo mwenye nayo hajulikani, tutaiondoa kwanza.